Kutoka Meza ya Michoro hadi Meza ya Bodi: Mwongozo kwa Mhandisi wa Kiwandani, kwa Nyayo za Alfred Sloan

Makondakta wa matatu za Mombasa Road jijini Nairobi bado huita kituo kimoja "GM", na abiria hushuka bila kuuliza, ingawa General Motors iliuza hisa zake za kiwanda hicho, asilimia 57.7, kwa Isuzu mwaka 2017. Wachache miongoni mwa wanaoshuka hapo wanajua kwamba kampuni hiyo ya Marekani, iliyokuwa karibu kuzama mwaka 1920, iliokolewa na kupangwa upya na mhandisi wa umeme aliyeanza kazi kwa kuchora michoro katika kiwanda kidogo cha beringi, vile vipuri vinavyoshika mhimili ili uzunguke kwa wepesi, kwa mshahara wa dola 50 kwa mwezi. Jina lake ni Alfred Sloan, na safari yake ya kikazi ndiyo ninayoitumia kila ninapoulizwa na mhandisi kijana wa Industrial Area afanye nini ili siku moja awe upande ule wa meza ambako maamuzi hufanywa.

Mwongozo huu ni wa mhandisi aliyekwisha kufanya kazi kiwandani miaka miwili mitatu, anayeijua mashine yake vyema, na ambaye ameanza kukereka kwa kuona kwamba mambo ya mashine hiyo huamuliwa ghorofani na watu ambao hawajawahi kushika grisi. Ushauri wa kawaida ni kwamba aache uhandisi, asomee biashara, avae suti. Mimi sikubaliani nao. Sloan hakupanda kwa kuuacha uhandisi. Kila alipopanda, alikuwa tayari amekwisha kufanya hesabu ya fedha ya kitu alichokuwa nacho mkononi, na kuiandika, kabla hajatumwa na mtu.

Anza na kitu kimoja, ujue kinakula pesa ngapi

Sloan alizaliwa mwaka 1875 katika mji wa New Haven, akamaliza masomo ya uhandisi wa umeme katika chuo cha MIT mwaka 1895, akaajiriwa na kampuni ya Hyatt huko New Jersey. Kampuni hiyo ilitengeneza beringi za aina ya pekee: badala ya gololi au kipande kizima cha chuma, ilitumia utepe wa chuma uliosokotwa kama springi, ukaacha uwazi katikati, ili roli iweze kunyumbuka kidogo mhimili unapopinda. Ulikuwa ubunifu mzuri katika kampuni mbovu. Kufikia mwaka 1898 hivi Hyatt ilikuwa inakaribia kufungwa, ndipo baba yake Sloan na mwenzake mmoja walipotoa dola 5,000 kwa sharti kwamba kijana huyo apewe miezi sita ya kujaribu kuifufua. Miezi sita ilipokwisha, kampuni ilikuwa na faida ya dola 12,000.

Ni kweli kwamba wengi wetu hatuna baba wa kutoa dola 5,000, na hilo lisemwe wazi ili mtu asijilaumu bure. Lakini ile kazi ya miezi sita yenyewe haikuhitaji baba tajiri. Ilihitaji mtu anayejua beringi moja inagharimu kiasi gani kuitengeneza, inauzwa kwa bei gani, na mteja anaitumia kwa nini, na mhandisi yeyote wa Nairobi anaweza kuifanya hesabu ya namna hiyo kwa mashine iliyo mbele yake.

Tuchukue mfano wa kinu cha unga. Tuseme beringi ya mhimili mkuu inauzwa shilingi 4,500 ikiwa ya asili, na shilingi 1,200 ikiwa ya bandia, na mtu wa ununuzi hununua ile ya bei nafuu kila mara kwa sababu anapimwa kwa namna anavyopunguza matumizi. Tuseme ya bandia hudumu miezi miwili, na ya asili hudumu mwaka mzima. Kila beringi inapokufa, kinu husimama saa tatu. Kinu hicho husaga robota 60 za unga kwa saa, na kila robota huleta faida ya shilingi 50; kwa hiyo saa moja ya kusimama ni hasara ya shilingi 3,000, na saa tatu ni shilingi 9,000, hata kabla hujahesabu vibarua wanaolipwa wakiwa wameketi juu ya magunia. Kwa mwaka, beringi za bandia zinagharimu mara sita ya shilingi 10,200, yaani shilingi 61,200. Ya asili inagharimu shilingi 13,500. Tofauti ni shilingi 47,700 kwa beringi moja, na kinu hakina beringi moja.

Usitumie takwimu zangu. Chukua daftari la zamu, hesabu mara ambazo mashine ilisimama mwaka uliopita, muulize mtu wa stoo bei halisi zilizo kwenye risiti, kisha umwendee fundi wa zamani kabisa katika karakana umwulize beringi zilianza kufa lini. Mzee mmoja niliyefanya naye kazi karibu na Lunga Lunga Road aliitikia swali langu kwa kuinua kipande cha chuma kilichochakaa kutoka kwenye debe la taka na kukipitisha chini ya kidole changu. "Injinia," akasema, "sikia hapa. Hii iliwekwa mwezi wa tatu." Kulikuwa na mkwaruzo mdogo kama ukingo wa ukucha. Debe lile lilikuwa na vipande kumi na vinne, na hakuna hata kimoja kilichokuwa kimeingia katika ripoti yoyote.

Mfanye mhasibu awe rafiki yako wa chai

Mshirika mkubwa wa Sloan pale Hyatt hakuwa mhandisi. Alikuwa karani wa vitabu vya hesabu, Peter Steenstrup, ambaye baadaye alikuwa mwuzaji wa kampuni. Mmoja alijua chuma, mwingine alijua leja, na wote wawili walikwenda kuzungumza na wateja. Nadhani hii ndiyo sehemu ya maisha ya Sloan ambayo wahandisi wa kwetu huipita haraka mno, kwa sababu tumelelewa kumwona mhasibu kama mtu wa kutunyima spea.

Mimi nilijifunza kwa aibu. Nikiwa bado mgeni kazini, katika kiwanda kimoja ambacho sitakitaja, niliandika pendekezo la kubadilisha boila. Lilikuwa na kurasa kumi na saba, grafu za joto, na mchoro wa mabomba niliouchora kwa usiku mbili. Mzee wa uhasibu alilifunua hadi ukurasa wa mwisho, akarudi nyuma, akaniuliza kwa upole mkubwa: "Injinia, hizi pesa zitarudi lini?" Sikuwa na jibu. Pendekezo lilirudi kwenye faili, na boila ile iliendelea kuvuja mvuke kwa miaka minne mingine.

Kuna hesabu moja ambayo mhandisi akiijua, nusu ya mazungumzo ya ghorofani humfungukia. Iliingia General Motors mwaka 1921 pamoja na Donaldson Brown, aliyetoka kampuni ya DuPont na ambaye naye alikuwa amesomea uhandisi. Hesabu hiyo inasema kwamba pato la mtaji ni zao la vitu viwili: faida kwa kila shilingi ya mauzo, na mara ambazo mtaji huzunguka kwa mwaka. Kiwanda kinachouza bidhaa za shilingi milioni 60 na kubaki na faida ya milioni 6 kina faida ya asilimia 10 ya mauzo. Ikiwa mtaji uliowekwa humo, pamoja na mashine, spea, malighafi na bidhaa zilizolala ghalani, ni milioni 40, basi mtaji huo umezunguka mara moja na nusu. Asilimia 10 mara 1.5 ni asilimia 15.

Sasa angalia ghala. Mhandisi akipanga matengenezo vizuri hata kiwanda kisihitaji kurundika spea na malighafi za milioni 10 "kwa usalama", mtaji unashuka hadi milioni 30, unazunguka mara mbili, na pato linapanda hadi asilimia 20. Hakuna pakiti moja ya ziada iliyouzwa, wala bei haikupandishwa. Mhandisi anayeweza kuonyesha hivyo kwenye karatasi moja hahitaji kujipendekeza kwa mtu. Mwombe mhasibu akuonyeshe mizania, yaani orodha ya mali na madeni ya kiwanda, na taarifa ya faida na hasara za mwaka uliopita. Akikataa kwa sababu ni siri, mwombe akufundishe kwa takwimu za kubuni, maana unachotafuta ni namna ya kusoma, na kusoma si siri ya mtu.

Kubali kupimwa

Sloan alipokuwa tayari bosi wa Hyatt, aliitwa Detroit na Henry Leland, mkuu wa Cadillac, mzee aliyejifunzia usahihi katika viwanda vya bunduki. Leland alikuwa na maikromita, kifaa cha kupimia unene kwa usahihi mkubwa, na beringi za Hyatt mezani, akamwonyesha kwamba hazilingani kama alivyoahidiwa. Sloan hakubishana. Alirudi nyumbani na kuubadilisha utengenezaji wake hadi beringi ya elfu ikafanana na ya kwanza. Mwaka 1908 Cadillac ilifungua magari matatu huko Uingereza, ikachanganya vipuri vyake, ikayaunganisha upya na yakatembea, kwa kuwa kila kipuri kililingana na mwenzake.

Hapa kwetu tuna ugonjwa wa "itaingia tu", ambapo kipuri kisicholingana hugongwa kwa nyundo hadi kikubali. Mhandisi anayetaka uongozi na avunje tabia hiyo kwanza katika karakana yake mwenyewe, na anunue maikromita kwa pesa zake ikibidi.

Andika kabla hujaombwa

Mwaka 1916 Sloan, akiwa na umri wa karibu miaka 41, aliiuza Hyatt kwa dola milioni 13.5. Sababu yake ilikuwa ya kihesabu: karibu nusu ya beringi zake zilinunuliwa na Henry Ford, na sehemu kubwa ya zilizobaki na General Motors, na mteja mmoja akiamua kutengeneza beringi zake mwenyewe kiwanda kingekufa. Mnunuzi alikuwa William Durant, mwasisi wa General Motors, ambaye alimweka Sloan kuongoza kampuni mpya ya vipuri, na mwaka 1918 kampuni hiyo nzima ikaingizwa ndani ya General Motors.

Durant alikuwa mtu wa kununua. Alinunua viwanda kama mtu anunuavyo nguo za mitumba Gikomba siku ya kufungua belo, na hakuna aliyejua kwa hakika kiwanda kipi kilileta faida na kipi kilibebwa na wenzake. Kufikia mwisho wa mwaka 1919 na mwanzo wa 1920, Sloan alikuwa ameandika waraka kuhusu namna kampuni ingepaswa kupangwa: kila kitengo kiwe na meneja mwenye mamlaka kamili juu ya kazi yake, lakini fedha na sera zisimamiwe kutoka makao makuu kwa takwimu zinazolinganishika. Durant aliusoma, akausifu, na hakufanya lolote.

Wengi wetu tungekata tamaa hapo, na Sloan naye alikaribia. Katika mwaka 1920 alichukua likizo ya mwezi mmoja, akaenda Uingereza kutafakari kama ajiuzulu, na huko akaagiza gari la Rolls-Royce ambalo hakuja kulichukua kamwe. Aliporudi aliona dalili za mabadiliko, akasubiri. Mauzo ya magari yalikuwa yameporomoka. Mwezi Oktoba bidhaa na malighafi zilizorundikwa katika viwanda vya General Motors zilifikia thamani ya dola milioni 209, ilhali kikomo kilichowekwa kilikuwa milioni 150. Mwezi Novemba Durant aliondoka, Pierre du Pont akawa rais, na alipotafuta mpango wa kuipanga kampuni, mpango ulikuwa tayari umeandikwa. Mwezi Mei mwaka 1923 du Pont alimwachia Sloan kiti cha urais.

Kwa hiyo andika. Waraka wako usizidi kurasa mbili. Aya ya kwanza iseme tatizo kwa shilingi, si kwa nyuzi joto. Aya ya pili iseme unataka nini kifanyike, na nani akifanye. Kisha weka gharama, muda wa fedha kurudi, na jambo linaloweza kuharibika. Usilifiche hilo la mwisho, kwa sababu mkurugenzi mzoefu atalitafuta, na akilikuta umelitaja mwenyewe atakuamini katika mengine. Usimshambulie mtu. Waraka wa Sloan haukumtaja Durant kama mkosaji, ingawa kila aliyeusoma alijua ni nani aliyeuleta mkanganyiko. Weka tarehe, mpe msimamizi wako kwanza ili asihisi amerukwa, na ubaki na nakala. Ukiwekwa kabatini, uache ulale. Kila baada ya miezi sita ufungue nakala yako na urekebishe takwimu.

Kumwambia mhandisi mwenzako "hapana"

Siku utakapopewa uongozi, mtihani wako wa kwanza mgumu hautatoka kwa wahasibu. Utatoka kwa mhandisi hodari kuliko wewe, mwenye wazo zuri ambalo haliko tayari. Kwa Sloan mtu huyo alikuwa Charles Kettering, aliyebuni kiwashio cha umeme cha gari, na wazo lilikuwa injini ya Chevrolet inayopozwa kwa hewa kupitia mapezi ya shaba badala ya maji. Kwenye maabara ilifanya kazi. Kiwandani na barabarani ilisumbua. Yalitengenezwa magari 759 tu, takriban 100 yakafika mikononi mwa wanunuzi, na mwaka 1923 yakaitwa yarudishwe.

Kettering aliandika kwamba anataka kuondoka. Sloan hakujifanya kwamba injini ni mbaya, wala hakuwalazimisha mameneja wa vitengo waikubali. Alipendekeza Kettering apewe mahali pake mwenyewe pa kuiendeleza bila kufunga mikono ya Chevrolet. Injini ile haikurudi sokoni, lakini Kettering alibaki na kuongoza utafiti wa kampuni kwa zaidi ya miaka 20 iliyofuata. Njia hii inafaa kuigwa ilivyo: tenganisha mtu na mradi, mpe chumba cha kuendelea kujaribu, na usimamishe uzalishaji wa kitu ambacho mafundi wako hawajakiweza.

Vyeti

Jisajili kwa Bodi ya Wahandisi ya Kenya, kwanza kama mhandisi mhitimu na baadaye kama mhandisi mtaalamu, kwa mujibu wa Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011, kwa kuwa kuna nyaraka ambazo bila muhuri huo huwezi kuzitia sahihi. Shahada ya uzamili ya biashara ni njema ukiwa na ada yake, ila usiifanye kabla hujaweza kusoma mizania ya kiwanda chako. Utalipa pesa nyingi kufundishwa kile ambacho mhasibu angekufundisha kwa chai na mandazi.

Pale usipopaswa kumfuata

Sloan alikuwa bingwa wa takwimu, na takwimu zilimfanya awe mzito wa kusikia watu. Mwishoni mwa Desemba 1936 wafanyakazi wa General Motors mjini Flint waliketi ndani ya viwanda na kukataa kutoka, wakidai chama chao kitambuliwe na kasi ya mkanda wa kuunganishia magari ipunguzwe. Sloan alishikilia kwamba hatajadiliana na watu waliokalia mali ya kampuni. Mgomo ulidumu siku 44, na mwezi Februari 1937 kampuni ilikitambua chama hicho. Malalamiko ya kasi ya mkanda yalikuwapo muda mrefu kabla ya hapo, lakini hayakuwa na safu yake katika ripoti zilizofika mezani kwake.

Kiwandani kwako safu hiyo ni rahisi kuiongeza. Ingia zamu ya usiku mara moja kwa mwezi, bila kutangaza. Kaa na vibarua wakati wa chai ya saa nane, uwaulize ni mashine gani inawaogopesha. Ukiambiwa "hakuna shida, mkubwa", ujue bado hujaaminiwa, urudi mwezi ujao.

Toka ofisini ukaone bidhaa ilipolala

Kuna jambo moja la Sloan ninalolipenda kuliko yote. Mwezi Mei mwaka 1924, akiwa rais wa kampuni, alisafiri kuwatembelea wauzaji wa magari. Ripoti za makao makuu zilionyesha kwamba mambo si mabaya. Alipofika St. Louis, akasimama katika uwanja wa muuzaji mmoja, alikuta magari yasiyouzwa yamepangwa safu kwa safu. Akayakuta Kansas City, akayakuta Los Angeles. Akaamuru uzalishaji upunguzwe mara moja, na baada ya hapo wauzaji wakawa wanatakiwa kupeleka hesabu ya mauzo kila siku kumi, ili kiwanda kisidanganywe tena na magari yaliyotoka getini bila kufika kwa mnunuzi.

Mhandisi wa kiwanda cha unga, sabuni au rangi anaweza kufanya safari hiyo kwa nauli ya matatu. Chagua Jumamosi moja asubuhi, uende kwa wauzaji wa jumla watatu au wanne wanaouza bidhaa yenu, mmoja Gikomba, mwingine Eastleigh, mwingine Kawangware. Usivae koti la kampuni. Nunua kitu kidogo, uzungumze, kisha uangalie vumbi lililo juu ya robota za nyuma kabisa, zile zilizoegemea ukuta. Soma tarehe za kutengenezwa zilizopigwa mhuri ubavuni, uziandike kwenye daftari kwa mpangilio wa duka, idadi na tarehe, na siku ya Jumatatu, kabla ya mkutano wa uzalishaji kuanza, uziweke mbele ya meneja wa kiwanda pamoja na kiasi mlichozalisha wiki hiyo hiyo.